Matanga ya Pimbi Mpiga Mbizi

— Nina ngano hapa nimeibeba.
— Itue tuione.
— Ina maji ndani yake.
— Mimina, tuko tayari.
— Atakayelowa asinilaumu.
— Mimina, mzee, mimina.

Basi palikuwa na Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, ukimwona utadhani panya aliyeshiba, na mkia wa kujivunia hana. Ukoo wao wote uliishi juu ya jabali. Asubuhi wanaota jua, mchana wanakula majani, jioni wanaota jua lililobaki. Maji waliyaona kwa mbali, na umbali huo uliwatosha.

Chini ya jabali ulipita mto, na mtoni palikuwa na kivuko. Mamba walikuwa wamechomeka vigingi vyenye ncha kwenye matope ya kivuko kile, chini kabisa, mahali ambapo mvukaji haoni. Mnyama akivuka, mguu unanasa. Mguu ukinasa, mamba wanakuja, tena polepole, hawana haraka. Lakini aliyekuwa juu ya jabali, maji yakitulia, aliviona vigingi vyote. Pimbi aliviona kila siku. Siku moja alimwona Swala na mwanawe wanaingia mtoni. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, wasimsikie. Swala akavuka. Mwanawe hakuvuka.

Siku hiyo Pimbi hakula. Kesho yake akamwambia mama yake, "Mama, nataka kujiunga na jeshi la mfalme. Nataka kuwa mpiga mbizi, ning'oe vile vigingi."

Mama yake alikuwa anachuma majani. Akaacha. "Mwanangu, una homa?"

"Sina homa, mama."

"Basi kaa juani, itapita."

Mjomba wake alikuwa amelala hapo pembeni, akafumbua jicho moja. "Katika ukoo huu, ni nani aliyewahi kulowa kwa hiari yake?"

Rafiki yake Mjusi naye akasema, "Jeshini wanataka wenye vifua. Wewe kifua chako kiko wapi? Utatufanya tuchekwe mpaka na vyura."

Pimbi akangoja mvua. Mvua iliponyesha, shimo moja la jabali likajaa maji, akaingia humo. Tatizo la kwanza, alielea kama kibuyu. Akakumbatia jiwe. Chubwi, akazama, akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Puuu, akatoka. Siku ya pili chubwi, mpaka kumi na tano, puuu. Siku ya tatu chubwi, mpaka ishirini, puuu. Macho yakawa mekundu, masikio yakauma, na kila alipotoka alikuta ndugu zake wamempa mgongo. Mwezi ulipokwisha alikuwa amefika mia moja na arobaini, na hakuwa na wa kumwambia.

Sasa mkuu wa wapiga mbizi alikuwa Kiboko. Mfalme Tembo alipeleka kikosini posho ya askari kumi kila siku: majani mabichi, maboga, miwa. Askari kumi hawakuwepo. Alikuwepo Kiboko peke yake. Kila kuruta aliyekuja, Kiboko alimwambia, "Tuzame pamoja. Ukitoka baada yangu, umepita. Ukitoka kabla yangu, rudi kwenu."

Akaja Nyani. Chubwi, puuu, akarudi kwao. Akaja Ngiri. Chubwi, puuu, akarudi kwao. Akaja hata Bata, aliyezaliwa karibu na maji. Chubwi, puuu, akarudi kwao. Kiboko alikaa chini mpaka mia tatu bila shida, akatoka, akala posho ya askari kumi, mnyam, mnyam, mnyam, kisha akalala. Kigingi hakung'oa hata kimoja.

Pimbi alilijua hilo. Mia moja na arobaini haiwezi kuwa mia tatu. Akakaa akafikiri, kisha akamwendea mama yake.

"Mama, kesho naenda kuzama na Kiboko."

"Utakufa."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi andaeni matanga yangu mapema, mje nayo ukingoni, msipate taabu ya kubeba vyakula baadaye. Leteni matikiti. Na nikishazama tu muanze kula, maana waombolezaji wenye njaa hulia vibaya."

Mama yake akaketi chini. "Matikiti mangapi?" akauliza, na machozi yakaanza kumtoka.

Kulipokucha, ukoo mzima ukashuka jabali, kila mmoja na tikiti lake analisukuma mbele, gudu, gudu, gudu. Wakaketi ukingoni mwa kivuko kwa huzuni. Mjusi akaja pia, kwa kuwa alipenda matikiti. Mfalme Tembo akasimama katikati yao ili ahesabu kwa sauti.

Pimbi akamsogelea Kiboko, akapiga saluti. "Afande, samahani. Ukisikia kelele ukingoni usijali. Ni ndugu zangu, wamekuja na matanga yangu. Matikiti thelathini. Watakuwa wameyamaliza kabla hatujatoka."

"Thelathini?" Kiboko akauliza.

"Yalikuwa thelathini na mawili, afande. Mjomba ameonja."

Chubwi, akazama Pimbi. Chuuubwi, akazama Kiboko, maji yakaruka mpaka kwenye miguu ya mfalme, na mamba wakakimbia mbali kwa kumwogopa.

Chini kulikuwa na giza la kijani. Pimbi akatafuta kigingi cha kushika, akakikumbatia asielee. Akaanza kuhesabu. Juu huko ndugu zake nao walianza kula kama walivyoagizwa. Kwacha, kwacha, kwacha. Mnajua masikio ya kiboko yanasikia majini kama yanavyosikia nchi kavu. Arobaini, kwacha. Hamsini, kwacha, kwacha. Kiboko akafumba macho, ikawa vibaya zaidi, maana sasa aliyaona matikiti na rangi yake. Sabini, mtu akatema mbegu, tu, tu, tu. Themanini, akamsikia mjomba anasema, "Haya yaliyobaki ni machache."

Tisini haikufika. Kiboko alipanda juu kwa kishindo, akakimbilia matikiti, akala maganda na yote.

Pimbi aliona miguu minene inapita juu yake, akajua ameshinda. Angeweza kutoka. Lakini alikuwa amekumbatia kigingi, na kigingi kilikuwa kimetikisika kidogo. Akakiuma. Akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena.

Ukingoni mfalme alikuwa anaendelea. "Mia moja na ishirini. Mia moja na thelathini."

Mama Pimbi hakuwa amekula. Kipande chake kilikuwa bado mkononi. Alimwona Kiboko ametoka, mwanawe hakumwona. "Mia moja na arobaini," alisema mfalme, na safari hii sauti yake ilishuka. Mama Pimbi akaweka kipande chini. Akaingia mtoni, maji yakamfika magotini, yakamfika tumboni, wala hakusimama.

"Dada, utalowa," mjomba akamwambia.

Maji yakamfika kifuani. Mia moja na hamsini na mbili, maji yakapasuka mbele yake, puuu, akatokea Pimbi, macho yamemtoka, na kigingi kirefu kikiwa kati ya meno.

Mama yake akamshika sikio kwa nguvu, akamvuta hadi nchi kavu. "Nimelowa kwa ajili yako," akasema.

Pimbi akajibu kitu, hakikueleweka.

"Toa hilo dude mdomoni kwanza, ndipo uzungumze na mama yako."

Kiboko akalalamika kwa mfalme kwamba amefanyiwa hila. "Ni wewe uliyetoka kwanza au si wewe?" mfalme akamuuliza.

"Ni mimi, mtukufu, lakini..."

"Meza kwanza."

Kiboko akameza. Mfalme akakitazama kile kigingi, akakumbuka posho zote alizokuwa akipeleka. Tangu siku hiyo Kiboko akawa anabeba vigingi vinavyong'olewa, kwa posho ya askari mmoja. Nyani, Ngiri na Bata wakaitwa, Pimbi akawafundisha kuanzia kumi. Kabla ya masika kivuko kilikuwa safi, na Swala akavuka akiwa na mtoto mwingine, akaangalia chini njia nzima.

Na ndugu zake Pimbi? Mjomba huwaambia wageni kwamba ni yeye aliyemshauri aingie jeshini. Mjusi anasema ndiye aliyemfundisha kuzama. Mama yake, kila Pimbi akija likizo, humkausha juani na kumuuliza lini ataacha kazi hiyo atafute ya watu wazima.

Ulimi wangu umefika mwisho wa safari yake. Kama nimeongeza chumvi, kunyweni maji. Kama nimepunguza, ongezeni wenyewe.

Na ngano hii inatufunza nini, wanangu? Inatufunza kuwatii wazazi na kukaa mbali na maji. Mimi nilitaka sana kuwa mpiga mbizi wa jeshi. Mama akanikataza, nikatii siku hiyohiyo. Ndiyo maana leo, na mvi zangu zote hizi, nikifika mtoni huvushwa mgongoni na mke wangu, naye hanisemeshi mpaka ng'ambo.