Shibe ya Bwawa la Mrutu

Bwawa halifi kwa njaa, hufa kwa shibe.

Jana mlikwenda kumjulia hali mgonjwa, mwenye nyumba akalitamka neno hilo polepole, na wazee wote wakainuka, wakatafuta viatu vyao, wakaaga. Ninyi vijana mkabaki mmeduwaa na vikombe mkononi. Leo mmekuja kuuliza. Haya, kaeni, ila msinikatize, maana msimulizi amechoka na hadithi yenyewe ina uchovu wake. Methali hii ilianzia msibani, huko Vuleni milimani, kwa mwanamke aliyeitwa Nakijwa.

Mumewe alikuwa Mrutu, mtu wa maneno machache. Nyuma ya nyumba yao, chini bondeni, palikuwa na tope lisilofaa hata magimbi, na hapo ndipo Mrutu alipochimba bwawa. Alichimba misimu mingi, watu wakimcheka kwamba anajichimbia kaburi. Kijito cha chemchemi kikalijaza, akapandikiza samaki aina ya perege. Mungu hakuwajalia mtoto, wala ardhi yao haikuwa ya kujivunia, basi bwawa likawa ndilo shamba, ndiyo akiba, ndiyo kazi yote ya mikono ya Mrutu. Kitoweo kilitoka mle, na sabuni na chumvi zilitoka mle.

Kila jioni walikuwa wakishuka pamoja. Mrutu alitupa pumba kiganja kimoja, akangoja. Samaki wakimaliza, alitupa kingine. Wakianza kuzembea, alikung'uta mikono na kuondoka.

"Bahili wewe," Nakijwa alikuwa akimtania. "Hata samaki unawapimia?"

"Wanachoacha kinazama, mke wangu, kinaoza. Na kitu kikioza nacho kinavuta pumzi. Kinavuta hewa ileile iliyomo majini, ile wanayoitegemea samaki. Uozo ukizidi, samaki anakosa pumzi naye yumo kwenye maji yake mwenyewe."

Nakijwa alicheka, lakini neno hilo lilimkaa.

Kisha Mrutu akashikwa na homa, na homa haikumwachia. Akazikwa.

Sasa sikilizeni desturi ya Vuleni. Mjane akishakalia mkeka wa matanga, hagusi kazi wala havuki kizingiti mpaka matanga yaanuliwe. Na kila anayekuja kumpa pole hutakiwa afanye kazi moja ya nyumba ile kwa mkono wake. Asipofanya, pole yake ni ya mdomoni tu. Ni desturi nzuri, msiidharau. Lakini Mrutu alikuwa amependwa, na watu walikuja wengi kuliko kazi. Mitungi ilijaa ikafurika. Kuni zilipangwa mpaka zikagusa mapaa. Ua ulifagiwa na mwanamke huyu, ukafagiwa na yule, mpaka mizizi ya migomba ikabaki wazi. Kazi zikawaishia, na watu bado wako mlangoni na mikono yao.

Ndipo mmoja akakumbuka samaki.

Akakwangua sufuria ya makande, akashuka nayo bwawani, akamwaga. Perege wakajaa, wakagombania. "Masikini! Samaki wa marehemu wana njaa!" alisema, na kila aliyemsikia akaona amepata kazi. Ugali uliolala ukaenda bwawani. Ndizi za kupikwa zikaenda, na machicha ya pombe, na maganda. Mwingine akija, hakujua kwamba wa kabla yake ametoka huko sasa hivi.

Nakijwa alikuwa mkekani, amebanwa na mabega kulia na kushoto. Madirisha yalikuwa yamefungwa ili mjane asipigwe na baridi. Mchana waliimba, usiku waliimba. Akifumba macho walimwamsha ale, akifumbua walimwambia alale. Tangu maziko hakuwa amepata nafasi ya kumlilia mumewe, kwa sababu kila chozi lilipochungulia, palikuwa na mkono wa mtu tayari kulifuta. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi.

Akasikia sufuria zinakwanguliwa. Akamshika wifi yake, Nantaika, dada wa marehemu.

"Wifi, nani anakwenda bwawani?"

"Kila mtu anakwenda, wifi yangu. Samaki wako wanashiba kuliko sisi. Wewe pumzika."

"Waambie waache. Wale hulishwa kwa kiganja."

"Usijichoshe. Kunywa uji huu kwanza, haujapoa."

Akaunywa, ili waache kumsihi. Kesho yake akasema tena, akaletewa uji mwingine.

Baadaye upepo ukageuka, ukaleta harufu kama ya mihogo iliyosahauliwa kwenye maji. Nakijwa aliijua inakotoka. Alitaka kuinuka, mikono mingi ikamrudisha mkekani kwa upole. Mjane hatoki, mwanangu. Tulia, mwanangu. Naye akatulia, Mungu amsamehe, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kushindana na wema.

Alfajiri moja sauti ilipigwa kutoka bondeni. "Njooni mwone! Samaki wote wamekuja juu!"

Watu wakashuka mbio. Maji yalikuwa meusi, na juu yake midomo imetanda bwawa zima, inafunguka na kujifunga, inafunguka na kujifunga.

"Wana njaa hawa!" mtu alisema. "Leteni makande!"

Neno hilo lilimfikia Nakijwa mle ndani. Hakuomba ruhusa. Aliwapangua waliomzunguka, akavuka kizingiti, akashuka peku, kanga inaburura kwenye umande. Alimkuta Nantaika ukingoni, sufuria imeshainamishwa. Akamkamata mkono.

"Usimwage!"

"Wifi! Umetoka mkekani? Rudi, watu wanaona!"

"Waone. Hawa hawatafuti chakula, Nantaika. Wanatafuta pumzi."

Akachukua jembe la marehemu, akaanza kubomoa ukingo wa chini ili maji mabovu yatoke. Shemeji yake, Mzee Kiangi, aliyekuwa msimamizi wa matanga, alimtazama kidogo, kisha akavua koti, akalipokea jembe. Lakini walikuwa wamechelewa. Jua lilipopanda, bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Waliopona walikuwa wachache, waliojibana pale kijito kinapoangukia, ambapo maji huingia mapya.

Nakijwa akaketi kwenye tope.

"Lilikuwa na nini bwawa hili?" Nantaika aliuliza. "Tumelilisha kila siku. Njaa imetoka wapi?"

"Bwawa halikufa kwa njaa, wifi. Limekufa kwa shibe."

"Tulikuwa tunakupenda."

"Najua. Na mimi mmenipenda vivyo hivyo." Akawatazama wote, mmoja mmoja, bila hasira, maana hata hasira ina gharama yake. "Mmenilisha, mmenifunika, mmenifungia madirisha. Nami sipati pumzi. Nataka kumlilia mume wangu, na sijaona pa kulilia."

Mzee Kiangi akalilaza jembe, akajipangusa mikono. "Tuanue matanga," alisema. "Mjane apumue." Wakapanda nyumbani, wakatafuta viatu vyao, wakaaga kwa sauti ya chini. Pale kijito kinapoangukia, karibu na samaki waliobaki, Nakijwa akalia kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mpaka akatosheka.

Jioni Nantaika alirudi peke yake. Hakubeba sufuria wala hakusema pole. Alifungua kiganja, akaonyesha pumba kidogo.

"Nitupe?"

"Bado. Ngoja maji yatakate."

Nantaika akafumba kiganja, akaketi kando yake, wakanyamaza pamoja mpaka giza likaingia. Na watu wa Vuleni husema kwamba katika pole zote alizopewa Nakijwa, ile ndiyo iliyofika.

Basi hilo ndilo neno lenu. Mmenijia, nimefurahi. Mmenipepea, mmeniongezea chai nisiyoiomba, mmenifunika na shuka la pili, na huyu hapa anataka kunikanda miguu. Asanteni sana, wajukuu zangu. Bwawa halifi kwa njaa, hufa kwa shibe. Viatu vyenu viko pale mlangoni.