Siku Tatu za Bwana Fisi Kulelewa

— Wenyewe mpo?
— Tupo, na masikio tumekuja nayo!
— Nina mzigo wa maneno!
— Tua, tukusaidie kuufungua!
— Humu kuna ukweli kiganja kimoja na uongo pishi nzima!
— Tupimie, usitupunje!

Basi, palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na gulio. Kila Jumatano wanyama walileta kazi zao. Ngiri alikuwa fundi wa vinu. Alichimba gogo kwa meno yake yaliyopinda, kho, kho, kho, mpaka gogo likawa kinu. Bibi Kobe alifinyanga vyungu, polepole, na chungu chake hakikuwahi kupasukia jikoni. Nungunungu alishona mikeka, na sindano hakununua, alichomoa mgongoni. Nyegere alirina asali.

Na Mama Digidigi? Huyo alikuwa mdogo kuliko wote, miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Yeye alikuwa analea. Mwanawe Tunu alikuwa na miezi minne, na akina mama wote wa bondeni walimwachia watoto wao wakienda kazini. Mtoto aliyeingia kwake analia alitoka anacheka. Hata Nungunungu, kila alipopita karibu na Tunu, alilaza miiba yake yote, chaa, asije akamchoma.

Siku moja gulioni kukawa na ugomvi. Huyu anasema kinu chake ndicho kizuri, yule anasema chungu chake ndicho bora. Wakakubaliana: atafutwe mkaguzi, apite kwa kila mtu, apime ubora. Kizuri akiwekee tiki kwa mkaa, kibaya akiwekee kosa. Chenye kosa kisiuzwe.

Bwana Fisi akasimama. "Jamani, mimi nina pua isiyosahau na taya zisizo na upendeleo."

Wakampigia makofi. Ndipo walipokosea.

Maana Bwana Fisi alikuwa na kipimo kimoja tu. Alifika kwa mtu, akasema, "Sampuli!" Akafungua kinywa. Hap!

Alifika kwa Nyegere. "Sampuli!" Hap! Akalamba asali mpaka mtungi ukalia hewa. "Tamu. Tiki." Nyegere akabaki na tiki na mtungi mtupu.

Alifika kwa Ngiri. "Sampuli!" Hap! Akauma kinu. "Kigumu. Hakina ladha. Kosa."

Alifika kwa Bibi Kobe. "Sampuli!" Hap! Kaa! Jino likapata ufa. "Kibaya kabisa. Kosa!"

"Lakini baba," akasema Bibi Kobe, "chungu hakiliwi."

"Bibi, mimi ndiye mkaguzi au wewe?"

Alifika kwa Nungunungu. "Sampuli!" Hap! Akatafuna ukili wa mkeka, akatema. "Makapi. Kosa."

Nungunungu alilia siku ile. Mkeka ule aliushona mwezi mzima, na katikati aliuwekea ua jekundu.

Wote hao majina yao yaliandikwa kwenye ubao wa gulio, mmoja chini ya mwingine. Jina la mwisho kabisa lilikuwa la Mama Digidigi.

Bwana Fisi akaja kwake asubuhi. Mama Digidigi alikuwa anamwogesha Tunu, na Tunu alikuwa anapiga maji kwa kwato, pwata, pwata, anacheka.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Mkaguzi."

"Nasikia wewe unalea. Nasikia malezi yako yanasifiwa bonde zima." Akamtazama Tunu, akameza mate, gudu. "Malezi sijawahi kupima. Sampuli!"

Mama Digidigi akamwinua Tunu majini. Kukimbia? Fisi ana miguu. Kupigana? Fisi ana taya. Akamfunga Tunu mgongoni taratibu, kama mtu ambaye hajasikia kitu kibaya, huku akili inakwenda mbio.

"Bwana Mkaguzi, ukimla huyu, utajua nini?"

"Nitajua kama analika."

"Hiyo ni nyama. Nyama kapewa na Mungu. Mimi kazi yangu ni kulea. Sasa malezi anayajua nani kama si anayelelewa? Ungemuuliza mwenyewe, lakini ana miezi minne. Muulize uone."

Bwana Fisi akainama. "Wee mtoto, unalelewaje?"

"Agu," akasema Tunu.

"Umeona? Hiyo huwezi kuiandika ubaoni. Lakini wewe unajua kusema. Kaa wewe mahali pake. Nikulee siku tatu, kama mtoto hasa. Kisha useme mbele ya gulio. Ukiona sifai, sampuli yako hii hapa."

"Siku tatu ni nyingi."

"Mtoto wangu hulishwa mara sita kwa siku."

Masikio ya Bwana Fisi yakasimama. "Mara sita?"

"Sita. Na hafanyi kazi yoyote."

"Dada, ungeanza na hilo!"

"Ila uwe utaratibu, uandikwe. Kazi ipimwe na yule anayefanyiwa. Na iwe hivyo kwa kila aliye ubaoni, wasije wakasema umenipendelea mimi."

"Andika, andika!" Bwana Fisi alishaanza kuhesabu milo.

Wakaenda gulioni. Bibi Kobe akaandika, herufi kubwa kubwa: KAZI IPIMWE NA ANAYEFANYIWA, KWA KILA ALIYE UBAONI. Bwana Fisi akachovya kidole kwenye masizi akakandamiza, pwa, bila kusoma mara mbili.

Siku ya kwanza. Mama Digidigi akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta ya nyonyo, akamkanda mgongo, akamnyoosha mikono na miguu. Kisha akamfunga. Mbeleko moja haikutosha, kwa hiyo majirani walileta tatu, na Nungunungu akaziunga kwa mshono mzuri, ingawa macho yake yalikuwa bado mekundu. Wakamviringisha Bwana Fisi, viringi, viringi, mpaka ikabaki pua.

"Chakula," ikasema pua.

Mama Digidigi akaleta uji mwepesi. Kijiko kimoja. Puu, akapuliza. Kijiko cha pili. Kijiko cha tatu. Akamfuta mdomo.

"Nyama iko wapi?"

"Mtoto hana meno."

"Ninayo haya!"

"Hayo ni ya mkaguzi. Mtoto hana meno." Akamgonga mgongoni, pa, pa, pa, mpaka akacheua, beuu! "Hewaa! Sasa lala."

Mlo wa pili, uji. "Nyama?" "Mtoto hana meno." Beuu! Mlo wa tatu, uji. "Nyama?" "Mtoto hana meno." Beuu! Ikawa hivyo mpaka wa sita.

Siku ya pili majirani wakaja kumwona mtoto, kama ilivyo desturi. Wakazunguka mkeka, wakainama.

"Jamani, kazuri!"

"Kamefanana na nani?"

"Meno ya baba yake hayo."

"Mbona kanakonda? Mama, maziwa yanatoka?"

Nyegere akamvuta shavu. "Haka katakuwa kalafi haka. Nakaona."

"Nitawakumbuka wote," akasema Bwana Fisi kwa ndani ya nguo.

"Kanaongea! Kana akili!"

Walipoondoka, Bwana Fisi alikuwa amechoka na njaa, na mbeleko ilikuwa inambana sikio la kushoto. Hakusema. Lakini Mama Digidigi aliona jinsi alivyokunja uso. Akalisogeza fundo, akalipuliza sikio, akaendelea kumkanda huku anaimba, kama alivyomwimbia Tunu na watoto wote wa bonde lile:

*Tuli mwanangu, tuli,*
*mama hayuko mbali,*
*yuko hapo anatwanga,*
*akimaliza atakuja.*

Bwana Fisi akageuza pua upande wa wimbo.

"Dada."

"Naam."

"Hako kawimbo. Karudie."

Akakarudia.

"Sisi kwetu hatuimbiwi," akasema Bwana Fisi. "Nimezaliwa, ndugu yangu akaniuma hapo hapo. Tuligombania titi kabla hatujafumbua macho. Mimi kubebwa sikujui." Pua ikainuka. "Na kubebwa nako kumo kwenye malezi?"

"Kumo."

"Basi mbona sijabebwa? Nitaandika kosa."

Mama Digidigi angembebaje? Miguu yake ile vijiti. Akaenda kumwita Ngiri. Ngiri alinuna, akanuna, maana kinu chake kilikuwa bado na kosa la mkaa. Lakini aliinama, akabeba. Wakazunguka bonde, Ngiri mbele na mzigo mgongoni, tiki-tiki-tiki, Mama Digidigi pembeni anaimba, na Tunu mgongoni mwa mama yake anamtazama mtoto mwenzake. Kabla hawajafika mtoni Bwana Fisi alikuwa anakoroma. Mama Digidigi alimfunika pua, kwa sababu upepo ulikuwa wa baridi. Moyo ulimlainika. Ila fundo hakulilegeza.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano. Gulio lilijaa. Wakamfungua Bwana Fisi, akasimama anayumba, mbavu zinahesabika.

Bibi Kobe akauliza, "Bwana Mkaguzi, umelelewa siku tatu. Malezi ya Mama Digidigi yakoje?"

Bwana Fisi akamtazama Mama Digidigi. Kisha akamtazama Tunu. Tumbo likanguruma, nguruuu, na tumbo ndilo lililojibu:

"Mabaya! Kosa! Sampuli!"

Watu wakashika vichwa. Nungunungu akasimamisha miiba yote. Lakini Mama Digidigi hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Sawa," akasema. "Neno ni neno. Ila Bwana Mkaguzi, twende kwa utaratibu wako. Mimi ubaoni ni wa mwisho. Hao walionitangulia hujawapima upya. Bibi, tusomee."

Bibi Kobe akasoma, polepole kama kawaida yake. "Kazi. Ipimwe. Na anayefanyiwa. Kwa kila. Aliye ubaoni. Kidole hiki hapa."

"Wa kwanza nani?" akauliza Mama Digidigi.

"Mimi," akasema Ngiri. Akakiviringisha kinu kikubwa mpaka katikati ya gulio, akanyanyua mchi. "Kinu kinatwanga mahindi. Anayefanyiwa ni hindi, nalo kama Tunu, kusema halijui, kwa hiyo kaa wewe mahali pake. Karibu ndani, Bwana Hindi."

"Mimi hindi?"

"Kwa leo tu." Akaujaribu mchi. Ti! Ti! Ardhi ikatikisika.

"Ngoja, ngoja. Wa pili ni nani?"

"Mimi, baba," akasema Bibi Kobe. "Chungu changu kikubwa kiko motoni. Anayefanyiwa ni maharage. Yanachemka saa tatu tu, wala si nyingi."

"Na wa tatu?"

Nungunungu akachomoa sindano moja mgongoni, ndefu, inang'aa. "Anayefanyiwa ni ukili, mjomba. Nashona kwa kubana sana."

Nyegere naye akainua mkono. "Mimi ulinipa tiki, sitaki ugomvi. Lakini nyuki wangu wanasema hawajawahi kupimwa."

Bwana Fisi akatazama kinu. Akatazama chungu. Akatazama sindano.

"Vinu bora!" akapiga kelele. "Tiki! Vyungu bora! Tiki! Mikeka... ile yenye ua jekundu, bora kabisa, tiki mbili! Nyuki wasalimieni!"

"Na malezi?" akauliza Mama Digidigi. Aliuliza taratibu, ameshika fundo la mbeleko ya Tunu.

Bwana Fisi alikuwa ameshageuka kukimbia. Akasimama. Mbeleko ile ya vipande vitatu ilikuwa bado imemning'inia shingoni. Akaishika ncha.

"Hayo," akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "niliwadanganya. Ni bora. Fundo lilinibana sikio, na mimi sikusema, na wewe ukaona."

Kisha akatimua mbio, kuputu, kuputu, kuputu, na mbeleko ya watu shingoni. Ngiri akataka kumfukuza airudishe.

"Mwache nayo," akasema Mama Digidigi, huku anamfungua Tunu mgongoni na kumkumbatia kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika, "Agu!"

Tangu siku ile bonde lile halikuwa tena na mkaguzi wa kinywa. Aliyetaka kujua kinu alikwenda kutwanga. Aliyetaka kujua mkeka alilala. Na aliyetaka kujua malezi alikaa mlangoni kwa Mama Digidigi, akatazama watoto wakiingia na wakitoka.

Naye Bwana Fisi, wapita njia husema wamemsikia huko vichakani kwake, ana kitambaa kichakavu, anajaribu kuimba. Sauti hana, maskini. Inatoka uuu-wiii. Lakini maneno anayajua yote.

Sasa fundisho, maana ngano haifungwi bila fundisho. Fundisho ni hili: msimbebe mtoto sana, atadeka. Bibi zenu wote husema hivyo, tena husema mtoto akiwa mgongoni mwao.

— Mzigo wangu umeisha!
— Kunja gunia, tutakutwisha mwingine!
— Na uongo uliomwagika?
— Uache hapo, watoto watauokota!