Kofia Juu ya Kopo

Sogeeni. Mwenye karanga mdomoni ameze kwanza, maana hadithi hii itachukua masikio yenu na mwishoni itadai vinywa vyenu. Asiyependa maneno ya wazi akalale.

Tabora palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Nyamizi alikuwa na mkono: chakula cha tone moja la mafuta angekupikia, ukajilamba vidole. Mzee Semboja, Mzigua wa watu, alikuwa na miguu: miaka thelathini alikagua reli akihesabu mataruma, na hata alipostaafu hakujua kukaa. Mwanne alikuwa na kumbukumbu: ukimwambia neno leo, mwakani atakukumbusha, na saa uliyolisema.

Wote watatu walimpenda mtu mmoja, Mzee Mrisho, muuza supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe. Nyamizi alikuwa mkewe, Semboja mtani wake, Mwanne binti yake.

Siku moja Mrisho alianguka kando ya sufuria yake, mkono kifuani. Mshtuko wa moyo. Hospitali walimwokoa, kisha daktari akamwambia: "Mzee, damu yako ina lehemu nyingi, mafuta yanayoganda kwenye mishipa. Kula vizuri, tembea, meza kidonge hiki kila siku. Vyote vitatu. Na usiache hata ukijiona mzima."

Mwanne alilishika kila neno.

Nyamizi akaingia jikoni. Sufuria ya kongoro akaigawa kwa jirani, akaleta mlenda, maharage na samaki wa kuchoma. Mrisho alinuna siku tatu. Siku ya nne akasogeza bakuli: "Hebu niongeze huo mlenda wako."

Semboja akaja mlangoni kila asubuhi. "Toka nje, mzigo wangu! Mnyamwezi gani wewe usiyejua kutembea? Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu!"

"Na nyinyi mkawauzia maji ya matope," Mrisho alijibu, huku anavaa viatu. Wakaifuata reli mpaka darajani, wakarudi.

Mwanne naye, kila baada ya magharibi, kidonge kiganjani, maji kwenye kikombe cha bati. "Baba, dawa." "Naam, mama." Mchumba wake wa Mwanza alipotaka harusi ya haraka, alimwambia asubiri. Hakukosa jioni hata moja.

Mwaka wa tatu kipimo kikasema lehemu imeshuka. Mrisho akaivua kofia yake, kazi ya mkono ya marehemu mama yake, ile aliyokuwa akiilaza kila usiku juu ya kopo la maziwa isipoteze umbo. Akasema, "Siku nikifa, hii apewe aliyeniongezea siku."

Heri angenyamaza.

"Ni mlenda wangu," alisema Nyamizi.

"Mlenda! Ni reli hiyo," alisema Semboja.

"Ni kidonge," alisema Mwanne, ambaye hakuzoea kujisifu.

Walianza kwa mzaha. Miezi ikapita, mzaha ukaisha, ubishi ukabaki. Nyamizi akasema, "Mwili ukishapona, dawa ya nini tena?" Semboja akasema, "Mzima huyu, ananiacha nyuma siku hizi!" Mwanne akapandwa na hasira: "Basi aache kimoja, tuone ni kipi!"

Lilimtoka tu. Mrisho alikuwa amekaa palepale, anakunja mkeka.

Miezi mitano baadaye alianguka relini. Semboja alimbeba mgongoni mpaka barabarani, lakini hakufika hospitali akiwa hai. Msibani mtani hutania, ndiyo kazi yake. Watu walimsubiri Semboja aanze. Hakufungua mdomo.

Siku ya arobaini, Shangazi Msimu, dada wa marehemu, alikwenda chumbani kuileta kofia. Aliiinua pamoja na kopo lake, kopo likalia. Akarudi nalo, akalimimina mkekani mbele ya wote.

Vidonge.

Mwanne hakuhitaji kuvihesabu. Alikumbuka kila jioni ya miezi ile mitano: "Naam, mama," maji yakinywewa, kisha baba anavua kofia na kuingia nayo chumbani kuilaza, kumbe kidonge bado kiko shavuni. Akalikumbuka na neno lake mwenyewe, na saa aliyolisema.

"Apewe aliyemwongezea siku," alisema Shangazi. "Haya, nani?"

Mwanne akaisogeza kofia kwa mama yake. "Chukua wewe, mama. Mimi ndiye niliyesema aache."

Nyamizi akaisukuma kwa Semboja. "Mimi ndiye niliyeuliza dawa ya nini."

Semboja hakuigusa hata kwa kidole. "Mimi nilimwita mzima mpaka akaamini," alisema. Yakawa maneno yake ya kwanza tangu maziko.

Jana kila mmoja aliitaka. Leo inawachoma mikono.

Mpaka sasa kofia iko juu ya kopo, na kopo ni tupu. Bila mkono wa Nyamizi, bila miguu ya Semboja, bila jioni za Mwanne, Mrisho asingeipata ile miaka. Na bila ubishi wao, huenda angepata mingine. Msiniambie isivaliwe na mtu: marehemu alisema apewe, na neno la maiti halirudishwi.

Shangazi bado anasubiri. Haya, wewe uliyemeza karanga zako ukanyamaza: kofia ungempa nani?