Kibuyu Ng'ambo ya Ndiva

Kishindo hakitoboi kibuyu. Mmeisikia methali hii leo mkutanoni, mama mmoja akimjibu mwenyekiti aliyekuwa akigonga meza, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Vuteni basi hilo gunia la mahindi, tupukuchue huku nikiwaeleza. Chanzo chake ni hapa hapa milimani kwetu.

Mnaijua ndiva, lile bwawa la mawe walilojenga mababu ili maji ya chemchemi yakusanyike usiku, asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Zamani ndiva yetu ilikuwa na desturi yake. Kila msimu wa kupanda ulipokaribia, watu wa mashamba ya juu na watu wa mashamba ya chini walikutana hapo. Kibuyu kikavu kilijazwa maji, kikatundikwa kwenye mti ng'ambo ya bwawa. Upande uliokitoboa ndio uliopata maji ya kwanza msimu mzima. Mwamuzi hakuhitajika, maana kibuyu kikivuja, kila mwenye macho ameona. Mwanzoni walitumia pinde. Baadaye zikaja bunduki za upepo, zile za kufukuzia ngedere, ambazo hazina baruti, ila springi inayosukuma hewa na hewa ikasukuma risasi.

Upande wa juu ulikuwa na Kirumbe. Alikuwa ameshinda miaka mingi, hata watu wa chini wakaacha kupeleka mtu. Maji yaliwafikia jioni yakiwa tope, na siku nyingine hayakuwafikia kabisa.

Mwisho kabisa wa mfereji palikuwa na shamba la Nakijwa, msichana aliyeachiwa shamba hilo na marehemu baba yake. Alimwagilia maharage yake kwa ndoo ya kichwani. Kirumbe alipokutana naye njiani alikuwa akimwambia, "Binti, shamba lisilonyweshwa ni la nini? Niachie mimi, wewe utafute mume."

Nakijwa hakuwa msemaji. Alikuwa akiinamisha macho na kupita. Lakini mwaka huo kaka yake aliyefanya kazi Tanga alimletea bunduki mpya ya upepo kwa ajili ya ngedere, na kesho yake Nakijwa akaenda kwa mzee Senzighe, mlinzi wa ndiva, akamwambia kwamba upande wa chini utasimamiwa na yeye.

Habari zilimfikia Kirumbe naye akacheka mpaka akafuta machozi. "Sawa, asimame. Lakini akikosa, lile shamba ni langu."

Watu walidhani atarudi nyuma. "Nimekubali," alisema Nakijwa, akaondoka haraka kwenda nyumbani.

Sasa, bunduki mpya ni kama ndama: ina miguu lakini haijui njia. Nakijwa alisimamisha boksi tupu la sabuni nyuma ya nyumba, akapiga. Risasi zilienda kushoto, zikaenda juu. Wengine walimshauri aijaribu kwa njiwa. Alikataa. Njiwa hawakuwa wamemfungia maji.

Kila mtu alikuwa na dawa moja: nguvu. Kirumbe alikuwa amempelekea fundi wa baiskeli bunduki yake, ikatiwa springi nene, na mlio wake ulisikika bonde zima. "Na wewe katie kama ile," walisema. Nakijwa akatia. Alipoifyatua, bunduki ilimrukia begani kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Shangazi yake, Mbonea, alikuwa akichambua mboga kizingitini. "Hapo umepiga nini?"

"Sijui, shangazi."

"Mimi najua. Umepiga mgomba wa jirani. Boksi lako halina hata habari."

Nakijwa alijaribu tena na tena kwa springi ile. Kadiri mlio ulivyokuwa mkubwa, ndivyo matundu yalivyotawanyika, kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Mwishowe akaitoa, akarudisha springi iliyokuja na bunduki. Akaipaka grisi kidogo, akakaza skurubu zote za kitako, akaanza kusogeza kilengeo, kidogo kidogo, kila mara akipiga na kutazama. Matundu yakaanza kukaribiana. Bado moja moja lilitoroka, na ilimchukua muda kugundua kwamba kosa lilikuwa la mkono wake. Springi inapofyatuka, bunduki huruka kidogo kabla risasi haijatoka. Ukiikaba inapinda kwa hasira ya mkono wako. Ukiilaza juu ya kiganja kilicho wazi, inaruka na kurudi njia ile ile.

"Sasa inakohoa," alisema shangazi. "Hiyo hata papai bivu haitoboi."

Nakijwa akatundika kibuyu chakavu cha marehemu mama yake, mbali kama ng'ambo ya ndiva, akakijaza maji. Alipopiga, tundu lilikuwa dogo kama jicho la panya. Maji hayakuuliza ukubwa wake. Yakatoka.

Siku ya siku ilifika. Kirumbe alianza. Mlio wake uligonga mlima wa pili ukarudi, ndege wakaruka, watu wa juu wakapiga vigelegele. Kisha wakatazama kibuyu.

"Hakivuji," alisema mzee Senzighe.

"Upepo umekisogeza," alisema Kirumbe. "Nitakimaliza zamu ijayo. Haya, binti, njoo. Ishike sana, isije ikakukimbia."

Wakacheka. Nakijwa alipiga goti ukingoni. Mikono ilitaka kukaza, kwa sababu alikuwa anaona shamba la baba yake mbele ya macho. Akavuta pumzi, akafungua vidole, akaacha bunduki ilale juu ya kiganja. Akafyatua.

"Mbona hapigi?" mtu mmoja aliuliza nyuma.

"Amekwisha kupiga," alijibu shangazi Mbonea. "Tazama kule."

Uzi mwembamba wa maji ulikuwa ukishuka kutoka tumboni mwa kibuyu, uking'aa juani.

Kirumbe alikuja mbele. "Hiyo si bunduki. Nani hapa amesikia mlio? Turudie."

"Kibuyu kinavuja, Kirumbe," alisema mzee Senzighe. "Unataka nibishane nacho?"

"Nasema turudie. Miaka yote nimepiga mimi, na mlima mzima ukasikia."

Hapo Nakijwa alisimama, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho.

"Kishindo hakitoboi kibuyu, mzee," alimwambia Kirumbe, kwa sauti yake ile ile ndogo. "Fungua maji."

Hakuna aliyecheka. Kirumbe alisimama hapo akitazama kibuyu kikiisha maji. Kisha, kwa kuwa desturi ilimtaka aliyeshindwa afungue mwenyewe, akainama akang'oa gogo la mlango wa ndiva. Nakijwa alitangulia mferejini peku, maji yakimfuata kisiginoni, yakiwa safi, mpaka kwenye shamba la mwisho.

Kwa hiyo, wanangu, siku nyingine mkiona mtu anagonga meza, msitazame meza. Tazameni kama kuna kitu kinachovuja. Kishindo hakitoboi kibuyu.