Saluti Haiwashi Injini

Saluti haiwashi injini. Mmeisikia leo kwa fundi mkacheka, sasa mwataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, nami nilikuwapo, nikipiga tarumbeta katika bendi ya wanamaji, bandari ya Mwamba Mrefu.

Mkuu wetu alikuwa Admirali Fumo Bwanakombo. Aliingia jeshini kuruta wa kusugua sitaha, akapanda vyeo mpaka kifua kikajaa medali. Hodari kweli, ila habari mbaya hakuipenda. Ofisa mmoja alipomwambia kwamba meli hazina vipuri, alihamishiwa ghala la sare. Tangu hapo kila akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Tayari, afande!"

Siku ya kumuaga akistaafu tulijipanga gatini, mbele ya wageni wa heshima. Nyuma yetu meli tatu za kivita zilimeremeta kwa rangi mpya. Mara tukaona moshi kwenye mlango wa bandari. Kivuko cha abiria kilikuwa kinaungua, watu wanajirusha majini. Mayowe yao yalitufikia.

"Meli zote zitoke!" Admirali aliamuru.

Kapteni Sudi Mwarandu, msimamizi wa meli hizo, alipiga saluti. Hakusogea.

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia, afande. Haziwaki."

"Ipi haiwaki?"

"Zote, afande."

"Juzi uliniambia nini?"

"Nilikwambia tayari. Mwenzangu aliyekwambia kweli yuko ghalani, anakunja suruali."

Mkono wa Kapteni ulikuwa bado kwenye paji la uso. Admirali akaushika, akaushusha polepole.

"Teremsha, Sudi. Saluti haiwashi injini."

Tulitupa tarumbeta na ngoma, tukarukia mashua za makasia, naye Admirali akiwa kati yetu, anapiga kasia. Wengine tuliwawahi. Wengi tuliwakuta wamekwisha nyamaza.

Tuliporudi, Admirali alikuwa amembeba mama mmoja aliyekufa maji, akakataa kupokewa. Alimlaza juu ya zulia jekundu alilotandikiwa yeye, mbele ya wageni wote. Akavua kofia.

"Huyu nimemuua mimi," alisema. "Nilitaka kusikia tayari."



Basi, mkubwa akiuliza na wote wakaitikia ndiyo kwa pamoja, kumbukeni yule mama juu ya zulia. Saluti haiwashi injini.