Seva Mbili, Kabati Moja

Ursula na Humphrey waliajiriwa siku moja katika hospitali ya binafsi mjini Newala, kwa cheo kimoja, wakapewa na ofisi moja. Kazi yao ilikuwa kutunza kompyuta zenye kumbukumbu za wagonjwa. Ursula, mtu wa Moshi, alikuwa mwepesi wa kazi lakini mzito wa kukubali kosa. Humphrey, mwenyeji wa Masasi, naye hakuwa mtu wa kuambiwa.

Mwaka huo hospitali iliagiza seva mbili, kompyuta kuu za kuendeshea kumbukumbu hizo, ili moja ikizimika nyingine iendelee. Zilihitaji hifadhi ya pamoja, yaani kabati moja la diski ambalo zote zingeliandikia. Ursula alitaka kabati lenye mfumo wa kugawa zamu, ili seva zote zifanye kazi bila kuingiliana. Humphrey alitaka kabati la kawaida, seva moja iandike na ya pili ikae akiba. Walibishana wiki tatu, hakuna aliyelegeza kamba.

Mganga mkuu, Daktari Isaka, akachoka. "Nunueni kabati la Humphrey," alisema, "lakini seva zote zifanye kazi, kama anavyotaka Ursula. Kila mmoja asimamie yake."

Ursula alijua mambo hayo mawili hayachanganyiki, kwa kuwa kabati la kawaida haligawi zamu. Lakini angesema, seva yake ndiyo ingewekwa akiba, basi akayaacha yapite. Akamtazama Humphrey, akamwona ameinamisha macho sakafuni.

Siku kumi na nane zikapita shwari. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, Ethel wa maabara aliingia ofisini kwao bila hodi.

"Dada Ursula, nifungulie faili la Kibibi, yule mama aliyeletwa kutoka Kitangari. Anavuja damu. Faili linasema kundi B, nami nimepima mara mbili, ni O."

Ursula akalifungua. Chini ya kundi la damu palikuwa na mstari mwingine: alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka juzi.

Ethel aliusoma polepole. "Kajifungua leo alfajiri," alisema kwa sauti ndogo, kisha akatoka mbio kutafuta damu ya kundi O.

Ursula akafungua faili jingine, akakuta mtoto wa miaka minne ameandikiwa dawa za kisukari za mzee. La tatu lilikuwa tupu. Kila seva ilikuwa ikiandika bila kujua nyingine imeandika wapi, hata kurasa zikamezana.

"Zima ya kwako," alimwambia Humphrey, aliyekuwa meza ya pili.

"Anza wewe," Humphrey alijibu kwa mazoea. Kisha akaiona skrini. Wakainuka pamoja, wakazima zote mbili.

Kibibi alipona, kwa kuwa Ethel hakuamini faili. Kumbukumbu hazikupona. Walipotafuta nakala ya akiba, waliikuta ya miezi mitatu nyuma, maana kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayenakili.

"Mlijua?" Daktari Isaka aliuliza.

"Nilijua, Daktari," Ursula akasema.

"Hata mimi," Humphrey akasema.

Daktari akakaa chini. Aliyewagawia seva alikuwa yeye.

Kwa majuma mengi Ursula alikaa mlangoni akiwauliza wagonjwa habari zao upya. Siku moja akaja Mzee Uwesu wa Lupaso, ambaye sindano fulani iliwahi kumzimisha, na faili lake lilifunguliwa baada ya nakala ile ya akiba.

"Shikamoo, mzee. Sindano ile iliitwaje?"

"Marahaba. Niliwatajia ninyi, mwanangu, mkaandika. Mimi sijui kusoma. Nani mwingine anakumbuka?"

Jioni hiyo Ursula alikwenda kwa daktari akaomba Humphrey awe mkuu wake, na seva yake mwenyewe ikae akiba. Tangu hapo moja huandika, nyingine hungoja. Jina la sindano ya Mzee Uwesu halikupatikana tena. Kweli, fahali wawili hawakai zizi moja.