Nguruwe Asiyekunya

Mmeniita tena. Mhubiri yupo, kwaya ipo, wazee wa kanisa wameketi mbele na makoti yao, lakini lazima kibibi aliyeishia darasa la pili asimame aseme neno juu ya baba na nyumba yake. Haya. Nitasema mara moja, na goti likianza kuuma nitakaa.

Mtu mmoja alikuwa na nguruwe. Alikuwa mjane, jina lake Subilaga, na nguruwe huyo alikuwa amewekwa kwa ajili ya harusi ya binti yake, Tupokigwe. Ng'ombe hawakuwa nao. Wakwe wakija wasikute nyama, binti ataolewa, ndiyo, lakini atasimangwa mpaka azeeke. Kwa hiyo yule hakuwa mnyama tu. Ilikuwa heshima ya nyumba nzima, imesimama kwa miguu minne.

Tatizo lilikuwa tumbo. Nguruwe alikula pumba za mahindi, na pumba zikatokea upande wa pili zikiwa bado ni pumba. Mtanisamehe, tuko kanisani, lakini ndivyo zilivyotoka. Kuku wa jirani walimwandama nyuma kama waumini, wakaparura, wakanenepa wao. Muuza dawa za mifugo akampa Subilaga pakiti ya unga. Akamweleza kwamba pumba zina ganda gumu ambalo tumbo la nguruwe haliwezi kulivunja peke yake. Unga ule hulilegeza, na kilichofungiwa ndani kinakuwa chakula. Unaitwa kimeng'enya, jina ambalo mimi, kwa meno niliyobakiwa nayo, silirudii. Uchanganywe kidogo tu na pumba.

Subilaga akachanganya. Haukupita muda, kuku wa jirani wakaanza kukonda. Ndipo alipojua kwamba dawa inafanya kazi.

Ukafika msimu wa mavuno ya mpunga, Subilaga akateremka Kyela kwenye shamba lake. Nguruwe akamkabidhi kwa shemeji yake Anganile, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamume wa maneno mazuri, ambaye naye alikuwa na nguruwe wake bandani. Akamwachia magunia ya pumba, akamwachia na pakiti.

Anganile akakaa akafikiri, na Anganile akifikiri watu hupata hasara. Aliona hivi: zamani mnyama huyu alikula pumba akakonda, sasa anawekewa unga, ananenepa. Basi kinachonenepesha ni unga, pumba ni mzigo tu. Akapunguza kopo moja la pumba. Nguruwe hakulalamika, au alilalamika kwa kinguruwe. Akapunguza tena. Mwishowe magunia yote yakavuka ua kwenda kwa nguruwe wake, na yule wa mjane akawa anapewa maji yaliyokorogwa unga, asubuhi na jioni, kwa heshima zote. Katika kukoroga, mtu asimseme vibaya Anganile. Alikoroga kweli.

Subilaga akawa anapiga simu kuuliza mnyama anaendeleaje. Anganile akajibu kuwa dawa ni ya ajabu. Zamani kinyesi kilikuwa kingi; siku hizi hakuna kabisa, banda analifagia kwa mazoea tu. Chakula chote kinabaki mwilini, hakuna kinachopotea. Akajisifu hivyo hivyo sokoni, na wapo watu, wengine nawaona humu, waliotikisa vichwa kukubali wakasema kweli elimu haina mwisho.

Lakini Subilaga alikuwa amefuga tangu utotoni. Nguruwe asiyekunya ni nguruwe asiyekula. Akauacha mpunga umesimama shambani, akarudi.

Akakuta mifupa imevaa ngozi. Ng'ambo ya ua, nguruwe wa Anganile alikuwa mnene hata kugeuka bandani ni kazi, na nyuma yake walikuwa wamehamia kuku wa kijiji kizima.

Anganile akaanza kueleza. Kwamba unga hakuuruka hata mara moja. Kwamba labda pakiti ilikuwa feki. Kwamba wanyama nao hutofautiana, kama watu. Subilaga akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Shemeji, nilikuachia ufunguo na ghala. Ufunguo umeuzungusha kila siku, nakubali. Ghala umelipeleka wapi?"

Anganile akawatazama kuku. Kuku hawakumsaidia.

Sasa nyinyi akina baba mnaocheka. Sala ni kitu chema, na nasaha ni kitu chema. Hufungua kilichomo ndani ya mtu. Unamsomea mkeo Neno asubuhi, unamwombea mtoto jioni kwa sauti ya kusikika barabarani, huku gunia limevuka ua. Unafungua nini hapo? Nauliza tu. Mimi ni wa darasa la pili.

Wazee wa ukoo hawakuhitaji kukaa sana kuamua. Yule mnene akaenda harusini, wakwe wakala wakanyamaza, na Tupokigwe hakusimangwa na mtu. Anganile akadai kichwa, maana katika ukoo ule aliyemlisha nguruwe wa harusi hupewa kichwa. Wakamwambia aliyemlisha ni mwenye pumba, kichwa kikaenda kwa Subilaga. Yule mkondefu akabaki mali ya mjane, ila Anganile akaamriwa amnenepeshe kwa pumba za mahindi yake mwenyewe, na kwa kuwa maneno yake hayakuaminika tena, alete ushahidi. Basi kila asubuhi, watu wakielekea mashambani, walimkuta Anganile njiani, amebeba jani la mgomba kwa mikono miwili, anampelekea shemeji yake kinyesi akikague.